Thamani ya kinamasi baada ya watu kuketi na kujadiliana

Mdodosaji akigonga mlango na kuuliza, "Kaya yako ingekuwa tayari kutoa kiasi gani kwa mwaka ili kinamasi kile kisikaushwe?", karibu kila mtu atapata la kujibu. Atalipata hata kama hajawahi kulifikiria swali hilo maishani mwake. Tarakimu itaandikwa, itaingia kwenye jedwali, na jedwali litatoa wastani ambao wakili au mpangaji wa bajeti ataunukuu. Wakusanye watu walewale kumi kumi, wape maelezo yaleyale na muda wa kuzungumza, kisha waulize upya, na mara nyingi tarakimu itabadilika. Pengine itashuka sana, pengine itapanda. Kuna hata mahali ambapo watu walitoka kwenye mazungumzo wakiwa hawataki tena kutaja bei.

Ni rahisi kusema kwamba jibu la pili ndilo sahihi kwa kuwa limetafakariwa. Lakini mazungumzo huelimisha, na pia hushurutisha, na kwa anayetazama tarakimu peke yake mambo hayo mawili hayatofautiani. Ugumu wote wa kupima thamani kwa njia ya kikundi uko hapo: kuyapanga mazungumzo ili yaelimishe bila kushurutisha, na kukusanya ushahidi wa kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Kwa nini watu huulizwa bei

Faida nyingi za maumbile hazina soko. Hakuna anayeuza kwa kipimo kazi ya kinamasi ya kuchuja maji, wala furaha ya kujua kwamba ndege wahamao watarudi msimu ujao. Katika mahesabu ya mradi wa bwawa au barabara, kitu kisicho na bei huingia kama sifuri, na sifuri haishindi hoja yoyote. Mwaka 1947 mwanauchumi S. V. Ciriacy-Wantrup alipendekeza kwamba watu waulizwe moja kwa moja wangekuwa tayari kulipa kiasi gani. Robert Davis alilijaribu wazo hilo kuhusu misitu ya Maine, Marekani, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1963.

Kwa miaka mingi mbinu hiyo ilibaki jambo la wataalamu. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba katika Prince William Sound, Alaska, na mafuta yakatapakaa baharini. Utafiti ulioagizwa na jimbo la Alaska ulikadiria kwamba Wamarekani, ambao wengi wao hawakuwahi kufika huko, walipata hasara ya dola bilioni 2.8 kwa kuharibiwa tu kwa mahali walipopajali. Mabishano yakawa makali. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na angahewa, NOAA, likaunda jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote wawili washindi wa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Mwaka 1993 jopo likaikubali mbinu hiyo kwa masharti: watu wahojiwe ana kwa ana, swali liulizwe kama kura ya ndiyo au hapana, na anayehojiwa akumbushwe kwamba fedha zake zina kikomo na kwamba yapo maeneo mengine ya asili ambayo hayakuharibiwa.

Masharti hayo yaliboresha hojaji, lakini hayakugusa jambo moja la msingi. Bado mtu aliulizwa akiwa peke yake, mara moja, kuhusu jambo asilolijua vizuri.

Udhaifu wa kumuuliza mtu hivyo ulionekana mapema. Watafiti walioongozwa na William Desvousges waliyauliza makundi matatu ya watu wangelipa kiasi gani ili nyavu zifunike madimbwi ya mafuta ambamo ndege wahamao hufa. Kundi la kwanza liliambiwa kwamba ndege 2,000 wangeokolewa kila mwaka, la pili 20,000, la tatu 200,000. Wastani wa majibu ulikuwa dola 80, dola 78 na dola 88. Uandishi wa swali hilo umekosolewa, na wakosoaji wana hoja, kwa sababu katika maelezo yote matatu idadi hiyo ilionyeshwa pia kama sehemu ndogo sana ya ndege wote. Hata hivyo Daniel Kahneman na Jack Knetsch walifika karibu na palepale mwaka 1992, wakipima mambo mengine: mtu anayetaja kiasi katika hali kama hiyo huwa ananunua ridhaa ya nafsi. Anataja gharama ya kujihisi mwema, na hisia hiyo haiongezeki mara mia kwa sababu ndege wameongezeka mara mia.

Kwa kitu anachokinunua kila wiki, mtu ana kumbukumbu ya bei na ya majuto. Kwa kinamasi hana. Thamani anayoitaja haikuwa imehifadhiwa mahali ikisubiri kuulizwa. Anaiunda palepale, kwa vifaa vilivyo karibu: maneno ya swali, sura ya mdodosaji, picha iliyo kwenye karatasi. Majadiliano ya kikundi ni njia ya kumpa vifaa bora vya kuiundia.

Kinachobadilika watu wanapozungumza

Badiliko la kwanza ni la habari. Mkulima anajua maji yalivyokuwa kabla mto haujaelekezwa kwingine, mvuvi anajua samaki wanazalia wapi, na mwalimu amesoma kuhusu mafuriko. Wakiketi pamoja kila mmoja anaongeza kipande. Tusizidishe matumaini, lakini. Garold Stasser na William Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba vikundi huelekea kuzungumzia kile ambacho wengi tayari wanakijua, na kipande kinachojulikana na mtu mmoja mara nyingi hakitajwi, au kikitajwa kinapita bila kushikwa. Habari haitoki kichwani mwa mtu kwa sababu tu ameketi kwenye duara. Inahitaji kuitwa.

Badiliko la pili ni la nani anayejibu. Mwanafalsafa Mark Sagoff amesisitiza kwa miaka mingi kwamba ndani ya mtu mmoja mna mtumiaji na mna raia. Mtumiaji huuliza, "Mimi napata nini?" Raia huuliza, "Jambo gani ni halali kwetu kufanya?" Swali la mlangoni linamwamsha mtumiaji. Mazungumzo mbele ya majirani humwamsha raia, kwa sababu mtu akitoa hoja hadharani hawezi kusema "naitaka kwa kuwa naitaka". Analazimika kutafuta sababu ambayo mwingine anaweza kuikubali.

Huko Pevensey Levels, eneo oevu la kusini mwa Uingereza, watu waliokwisha kutaja kiasi kwenye hojaji ya mpango wa kulinda wanyamapori walikutanishwa wazungumzie majibu yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Wengi walieleza kwamba walihangaika na suala hilo la fedha: hawakujua wapime eneo moja kwa kulilinganisha na nini, na walidhani uamuzi wa aina hiyo ungefaa kufikiwa kwa wenyeji na wataalamu kushauriana, si kwa kujumlisha ahadi za watu mmoja mmoja. Hawa ni watu ambao tarakimu zao, zikitazamwa kwenye jedwali, zilikuwa safi kabisa.

Badiliko la tatu ni la imani. Uhifadhi mwingi una mtego mmoja: nikijizuia mimi na wengine wasijizuie, nimepoteza na msitu umekatwa vilevile. Elinor Ostrom, James Walker na Roy Gardner walifanya majaribio, yaliyochapishwa mwaka 1992, ambamo watu walichota kutoka rasilimali ya pamoja kwa fedha halisi. Walipokatazwa kuzungumza, walichota kupita kiasi. Waliporuhusiwa kuzungumza ana kwa ana, bila mkataba wa kisheria na bila adhabu, uchotaji ulikaribia zaidi kiwango chenye faida kwa wote, na nafasi ya kuzungumza mara kwa mara ilisaidia kuliko ya mara moja. Ahadi iliyotamkwa mbele ya uso wa mtu ina uzito, na anayeamini kwamba wenzake watalipa yuko radhi zaidi kulipa.

Kupanda, kushuka na kukataa bei

Kwa kuwa nguvu hizo hazivuti upande mmoja, matokeo yanatofautiana, na tofauti zenyewe zina mafunzo.

Huko Scotland, Douglas Macmillan na wenzake walilinganisha mahojiano ya kawaida na vikundi vilivyokutana mara mbili, saa moja kila mara, wiki moja kati ya mikutano, kuhusu kuwahifadhi mabata bukini mwitu. Katika wiki hiyo washiriki walizungumza na watu wa nyumbani na kuitazama bajeti yao. Kiasi walichokuwa tayari kulipa kilitoka chini sana kuliko cha mahojiano, na si kwamba walijali kidogo. Walipata muda wa kuona kwamba fedha hiyo ingetoka mfukoni kweli, na kwamba mabata bukini hawakuwa jambo pekee lenye kustahili fedha.

Texas ilionyesha upande wa pili. Kati ya mwaka 1996 na 1998 kampuni nane za umeme ziliwakusanya wateja waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa utaratibu uliobuniwa na James Fishkin, wakasoma maelezo yaliyokaguliwa na pande zinazopingana, wakajadiliana katika vikundi vidogo na kuwahoji wataalamu. Kwa wastani, waliokuwa tayari kulipa zaidi kidogo kwa nishati jadidifu walitoka asilimia 52 wakafika asilimia 84. Swali hapa lilikuwa la "sisi wateja wote", kila mmoja kwenye ankara yake, na hofu ya kulipa peke yako haikuwepo.

Visiwani Solomon, utafiti wa Jasper Kenter na wenzake uliochapishwa mwaka 2011 ulifika mahali pengine kabisa. Kabla ya majadiliano, wanavijiji walikubali kupima huduma za msitu wao dhidi ya gharama. Baada yake, baadhi ya huduma kuu hawakutaka tena kuzibadilisha na kiasi chochote kilichowekwa mbele yao. Anayetafuta tarakimu ataliona hilo kama kushindwa kwa jaribio. Kwa maoni yetu ni matokeo yenye maana kubwa: watu waligundua kwamba kitu walichoulizwa bei yake ndicho kilichobeba maisha yao, na kitu cha aina hiyo hakiingii kwenye mizani ya malipo. Ripoti ya thamani za maumbile iliyotolewa mwaka 2022 na IPBES, jopo la kimataifa la bayoanuwai, inatambua thamani ya kutumika, thamani ya maumbile kwa nafsi yake, na thamani ya uhusiano kati ya watu na mahali. Hojaji ya fedha husikia vizuri ile ya kwanza. Hizo nyingine mbili husikika watu wanapozungumza.

Mazungumzo yanapoharibu

Mwaka 2005 watafiti David Schkade, Cass Sunstein na Reid Hastie waliwaketisha wakazi wa Boulder, mji wa Colorado wenye kuelekea mrengo wa kushoto, wazungumze wao kwa wao, na wa Colorado Springs, wenye kuelekea kulia, vilevile. Mkataba wa kimataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi ulikuwa mojawapo ya mada. Baada ya mazungumzo kila upande ulikuwa umesogea mbali zaidi kuelekea kule ulikokwisha kuegemea, na tofauti za maoni ndani ya kila kikundi zilikuwa zimepungua, hata katika majibu ya siri. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kikundi chenye mwelekeo mmoja kina hoja nyingi za upande huo na chache za upande wa pili, basi kila mtu anasikia sababu mpya za kuamini alichokiamini. Kundi la wapenzi wa ndege litaongeza thamani ya ndege. Kundi la wenye mashamba yaliyoliwa na ndege hao litaipunguza. Mtafiti akichagua waalikwa amechagua jibu.

Shinikizo la wazi ni hatari nyingine. Majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950 yanajulikana: mtu alilinganisha urefu wa mistari, jibu likiwa dhahiri, na wenzake waliopangwa wakatoa jibu la uongo kwa sauti. Takriban theluthi ya majibu yalifuata uongo huo. Sehemu inayosahaulika ndiyo yenye manufaa hapa. Mshirika mmoja tu alipotoa jibu tofauti na la wengi, ufuasi ulishuka sana. Katika kikundi cha watu wanane, sauti moja ya kupinga iliyolindwa na mwezeshaji hubadilisha hali ya chumba kizima.

Halafu ipo tarakimu ya kwanza. Mtu akisema kwa sauti "mimi ningetoa elfu kumi", kila anayefuata anajipima kwa elfu kumi. Akiwa ni mwenyekiti, mfadhili au mzee anayeheshimika, mazungumzo ya thamani yameisha hapo, hata kama watu wataendelea kusema kwa saa nzima.

Namna ya kuyapanga

Kikundi kiwe cha watu sita hadi kumi. Wakizidi kumi na wawili, watatu au wanne hubeba mazungumzo na wengine wanageuka hadhira. Vikundi viwe vingi, kwa sababu ya kosa la hesabu linalorudiwa mno: watu themanini katika vikundi kumi si vipimo themanini vinavyojitegemea. Waliozungumza pamoja wameathiriana, na uchambuzi lazima ukihesabu kikundi kama ngazi yake yenyewe. Vikundi vitatu vinatosha kusikia hoja. Kwa kukadiria kiasi cha fedha havitoshi.

Wanachama wachanganywe ili kuvunja mwelekeo wa upande mmoja. Hata hivyo, palipo na tofauti kubwa ya mamlaka, mchanganyiko wa moja kwa moja huwanyamazisha walio chini. Panapokuwa hivyo, waanze kando: wanawake kwao, vijana kwao, wasio na ardhi kwao. Kila kikundi kiandike hoja zake, na hoja hizo zisomwe na mwezeshaji kwenye mkutano wa mchanganyiko kabla mtu yeyote hajasema. Hoja iliyosomwa haina mwenyewe wa kutishwa.

Mkutano wa kwanza uanze kwa karatasi ya siri, kabla ya neno lolote. Kila mtu aandike jibu lake la awali na sababu moja au mbili. Bila karatasi hiyo hakuna wa kujua nini kilibadilika, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu hurekebisha maoni yake ya jana yafanane na ya leo. Kisha yaje maelezo: ramani ya eneo, hali itakavyokuwa pasipofanywa lolote, kazi itakayofanywa, gharama yake, nani atalipa kwa njia gani, na mambo ambayo wataalamu hawana uhakika nayo. Maelezo yakaguliwe na mtu wa upande wa uhifadhi na mtu wa upande unaopoteza kwa uhifadhi huo, kila mmoja akiridhia kwamba hayakupindishwa. Mashahidi, yaani watu wanaoalikwa kueleza kila upande, wapewe muda sawa, dakika ishirini zinatosha, na maswali yatungwe na vikundi.

Katika kujadili, fedha ije mwisho. Anzeni na "eneo hili linatufanyia nini", kisha "nani atapoteza nini likibaki, na likiondoka", kisha "mgawanyo upi wa gharama ni wa haki". Mwezeshaji apitishe zamu ya kila mtu kabla ya mjadala wa wazi, akianza na wasiozoea kusema, na aulize waziwazi, "Kuna jambo unalolijua ambalo halijatajwa?" Swali hilo moja ndilo dawa ya ule ugonjwa wa habari kubaki kichwani. Viwango vya fedha visitajwe kwa sauti kabisa. Mwezeshaji asitoe mfano wa kiasi, hata cha kuelewesha. Asipongeze jibu lolote, na kauli kama "wazo zuri" ni pongezi. Dakika tisini ni kiwango cha chini cha mkutano wenye mada ngumu. Wiki moja ya kwenda nyumbani kabla ya mkutano wa pili ina thamani kuliko saa nyingine mbili za kuketi, kwani uamuzi wa fedha za kaya haufanywi na mtu mmoja.

Mwisho, karatasi ya siri tena, na maswali mawili yasichanganywe. La kwanza: kaya yako ingelipa kiasi gani? La pili: ni mchango gani ungekuwa wa haki kwa kila kaya? Mtu maskini anaweza kujibu kidogo kwa la kwanza na kingi kwa la pili pasipo kujipinga. Aliyejibu sifuri aulizwe kwa nini. "Sina" ni sifuri halisi. "Simwamini atakayekusanya" ni malalamiko dhidi ya mkusanyaji, na hayasemi chochote kuhusu kinamasi. Ukizijumlisha pamoja, umepima imani kwa serikali na kuiita thamani ya maumbile. Nauli na fidia ya muda zilipwe sawa kwa wote, mwanzoni, ili isionekane kuwa ni malipo ya jibu.

Kutenganisha kujifunza na kushurutishwa

Chombo chenye nguvu kuliko vyote ni kundi la kulinganishia: watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka sampuli ileile, wakapewa maelezo yaleyale na siku zilezile za kufikiri, ila hawakujadiliana. Likibadilika sawasawa na vikundi vya mjadala, basi maelezo ndiyo yaliyofanya kazi na mazungumzo yalikuwa ziada. Miradi mingi huliacha kundi hili kwa sababu ya gharama, kisha hudai kuhusu mjadala mambo ambayo haiwezi kuyathibitisha.

Dalili nyingine ni nafuu kuzipata. Weka maswali sita ya kweli au si kweli kuhusu eneo hilo, kabla na baada. Waliobadilisha thamani wakiwa ndio walioongeza maarifa, kujifunza kuna uwezekano mkubwa. Wakiwa maarifa yao yamebaki palepale lakini tarakimu zao zimejisogeza karibu na za msemaji mkuu wa kikundi, shuku shinikizo. Linganisha kura ya siri na msimamo uliotamkwa: pengo kubwa ni ishara ya woga. Badilisha ukubwa wa eneo kati ya vikundi, hekta mia kwa baadhi na hekta elfu kwa wengine, uone kama mjadala umewafanya watu waitike tofauti hiyo kuliko wale walioulizwa juu ya ndege wa Desvousges. Na soma sababu zilizoandikwa. Mtu aliyejifunza huandika sababu ambayo hakuwa nayo mwanzoni. Aliyeshurutishwa mara nyingi huacha nafasi wazi au huandika kwamba wengi wameona hivyo.

Rudi baada ya miezi mitatu, hata kwa simu, uulize tena swali lilelile. Tarakimu iliyorudi ilikotoka ilikuwa ya chumba kile. Kupungua kwa tofauti za maoni, peke yake, hakuthibitishi chochote, na ripoti zinazosherehekea muafaka zingefaa kueleza waliobaki na maoni tofauti walikuwa wangapi na walisema nini.

Bado lipo suala la nani hakuwepo. Mjadala mzuri wa watu themanini haubadilishi fikra za maelfu ambao hawakujadiliana, kwa hiyo kuzidisha wastani wao kwa idadi ya kaya zote ni kudai kwamba wote wangefikiri hivyo wangepata nafasi. Dai hilo liandikwe wazi kama dai. Ndiyo maana baadhi ya nchi zimeacha tarakimu na kuomba mapendekezo. Bunge la Wananchi la Ireland kuhusu kupotea kwa bayoanuwai, lenye wajumbe 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu pamoja na mwenyekiti, lilitoa ripoti mwaka 2023 yenye mapendekezo 159, likiwemo la kupiga kura ya maoni ili haki zinazohusu mazingira ziingie kwenye katiba. Kazi yake haikuwa kutoa bei ya jumla ya maumbile. Kilichotoka humo ni orodha ya mambo ya kufanya, na kila pendekezo lilipigiwa kura na wajumbe.

Panapohitajika tarakimu, basi iandikwe pamoja na jirani zake: kiasi cha kabla na cha baada, kundi la kulinganishia, sifuri za kukosa na sifuri za kutoamini zikiwa kwenye safu tofauti, na idadi ya waliokataa kutaja bei pamoja na maneno waliyoyatumia kukataa. Hao wa mwisho wasifutwe kwenye jedwali kama majibu yaliyoharibika.